Mahali pa Evert

Kwetu habari mbaya husemwa kwa sauti ya chini. Mama aliponipigia simu Jumamosi ile jioni na kuanza kwa kuuliza kama amenikatiza chakula, nilikuwa nimeshaanza kutafuta funguo za gari.

"Nimeshakula, mama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni baba yako tu. Alienda kuchuma uyoga."

"Lini?"

"Asubuhi."

Nilitazama dirishani. Ilikuwa mwisho wa Septemba, na nje palikuwa peusi ti.

"Asubuhi hii ya leo?"

"Hii hii. Viazi vyake nimevipasha mara mbili, sasa vimeharibika."

"Umempigia nani mwingine?"

"Wewe."

"Na polisi?"

"Nilifikiri labda nao wanakula," alisema mama. "Sikutaka kusumbua watu bure, halafu yeye aingie mlangoni na ndoo yake. Unamjua. Angekasirika."

Niliwapigia polisi mwenyewe huku navaa koti, nikamwachia mume wangu watoto, nikaondoka mjini Gävle kuelekea kijijini kwetu Tallsjö. Gari langu lina kipima joto karibu na usukani. Nilipotoka mjini kilisoma nyuzi sita. Kila nilipokitazama kilikuwa kimeshuka, na mimi nilikitazama kuliko nilivyoitazama barabara. Nilipokata kona ya kanisa la Tallsjö kilikuwa chini ya sifuri. Baba yangu Evert ana miaka sabini na tisa. Aliondoka nyumbani na sweta, kizibao na mabuti ya mpira. Niliogopa vibaya sana, na sioni haya kusema.

Jikoni nilikuta simu yake kwenye chaja, kando ya mashine ya kahawa.

"Hakuichukua?"

"Haichukui akienda kwenye uyoga," alisema mama. Alikuwa amesimama dirishani na mikono ameikunjia ndani ya aproni. "Alisikia redioni kwamba simu inakumbuka mahali ulipokwenda."

Sasa nieleze ujinga huu kwa hasira zangu zote. Msitu wetu ni wa kila mtu. Unaweza kuingia kwenye msitu wa jirani, wa kampuni, wa mfalme mwenyewe ukitaka, ukachuma uyoga na matunda hadi ndoo ifurike, na hakuna wa kukuuliza. Kwa hiyo kitu pekee ambacho mtu anaweza kumiliki msituni ni kule kujua. Mtu akishajua mahali uyoga wa manjano unapoota kila mwaka, hasemi. Hamwambii jirani, hamwambii mke, watoto anawaambia akiwa kitandani anakata roho, kama wamekuwa watoto wema. Watu wazima waliofunga ndoa kanisani na kulea watoto pamoja wanadanganyana kila vuli, na kila mmoja anaona ni sawa tu.

Na baba yangu ndiye bingwa wao. Alikuwa akitoka na fimbo ya kuvulia samaki, eti anakwenda ziwani. Gari aliliegesha mbali na alikokwenda kweli. Akirudi, ndoo ameifunika majani ya msonobari, na ukimuuliza umeutoa wapi, anasema, "Huko huko." Mama ameula uyoga huo kwenye siagi na krimu tangu alipoolewa, na hajui umetoka kaskazini au kusini.

"Hukuwahi kumuuliza hata mara moja?" nilimwambia.

"Angefikiri sina adabu," alisema mama.

Polisi walilikuta gari lake ufukweni, pale watoto wanapoogelea kiangazi. Wakazunguka ziwa na tochi usiku ule wote pamoja na wanaume wa kijijini. Mbwa wao alikuwa kwenye kazi nyingine mbali, angefika mchana. Helikopta ingeruka ukungu ukishaondoka. Kulipopambazuka majani yote uani yalikuwa yameshikwa na jalidi, meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, na mimi sikuthubutu kumtazama mama usoni.

Watu wa kujitolea walikusanyika ufukweni na vizibao vyao vya manjano. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Ylva, sauti yake kavu na kazi yake anaijua. Alitupanga mstari mmoja mrefu, mkono wa huyu uweze kukaribia mkono wa yule. Tutembee pamoja. Akipuliza filimbi tusimame, tuite jina, halafu tunyamaze tusikilize.

Kulia kwangu alisimama Holger, jirani yetu. Nyumba yake na ya baba zinatazamana, na wazee hao wawili walikuwa wakisalimiana kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo kwetu ni urafiki mkubwa. Mke wake, Majken, alikufa zamani. Alikuwa amekuja na kapu la maandazi ya mdalasini na chupa mbili kubwa za kahawa, akamgawia kila mtu, polisi nao.

"Kula, Pernilla," aliniambia. "Hujala."

"Siwezi."

"Weka mfukoni basi. Utamega njiani."

Niliweka mfukoni. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na hilo nalisema kwa haki, ilikuwa ya kweli.

"Holger, wewe umeishi hapa maisha yako yote," nilisema. "Huna hata fununu? Huwa anakwenda upande gani?"

Alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akakikaza tena.

"Evert si mtu wa kusema," alijibu.

Tukaanza. Filimbi ikalia, tukaita "Evert!" kwa sauti zetu zote, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonitesa. Unasimama na mdomo wazi ili pumzi yako isikuzibie masikio, unasikia maji yakidondoka kutoka kwenye matawi, kunguru mmoja mbali, na hakuna kingine. Kila mara nilijiambia sasa atajibu. Kila mara filimbi ya kuendelea ililia nami nikahisi tumemwacha nyuma, amelala chini ya mti tuliokwisha kuupita.

Tulimaliza ukingo wa ziwa. Tukavuka barabara ya lami, tukaita ng'ambo, tukafika eneo ambalo kampuni ilikata miti yote miaka michache nyuma, vishina tupu na matunda mekundu yaliyogandishwa na baridi. Mbele, upande wa kaskazini, msitu ulianza tena, mweusi na mzito. Ylva alitazama ramani yake, akauliza wenyeji kuna nini huko.

"Huko ni kinamasi tu," alisema Holger. "Mtu haendi."

"Hakupitiki?"

"Mtu haendi," alirudia, akapangusa pua kwa glovu.

Ylva akageuza mstari kuelekea kusini, kwenye vilima, ambako kuna njia nzuri na mahali pa kukaa. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Nami nikageuka na wengine, nikatembea hatua kadhaa, halafu miguu ikakataa.

Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kabla. Huko ni kinamasi tu, mtu haendi. Yalikuwa ya baba, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya kufunga mazungumzo. Nilipokuwa mdogo niliruhusiwa kwenda popote, kupanda mapaa ya mabanda, kuendesha mtumbwi peke yangu. Nilikatazwa mahali pamoja tu katika Tallsjö yote. Baba aliniambia kwamba farasi wa babu yake alizama huko na gari lake la magogo, akazama taratibu, macho wazi, na watu wamesimama hawana la kufanya. Niliota ndoto mbaya juu ya farasi yule hadi nikaolewa. Na sasa, nikiwa na umri wangu huu, nilijiuliza kwa mara ya kwanza babu yake baba alimpata wapi farasi, wakati sote tunajua alikuwa fundi viatu.

Ningemwambia Ylva. Najua. Lakini ningesema nini mbele ya watu wote, kwamba namtafuta baba kwenye hadithi ya kutishia watoto? Na kama nimekosea, nawapotezea muda ambao baba hana. Nikamwambia Holger, "Nakwenda kujisaidia, endeleeni," nikarudi nyuma hadi mstari ulipopotea kati ya miti. Kisha nikakimbia.

Kinamasi kilikuwa kinamasi kweli. Hatua ya kwanza nilizama hadi kwenye goti, na maji yaliyoingia ndani ya buti yalikuwa baridi hadi nikakosa pumzi. Nilishika kijiti, nikavuta mguu, nikakanyaga tena, nikazama tena. Katikati palitikisika chini yangu kama godoro, na hapo farasi alinirudia, na macho yake. Nilisimama. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Nikaita, "Baba!" Sikuita Evert, kama tulivyofanya asubuhi yote.

Nikanyamaza, nikafungua mdomo, nikasikiliza.

Kikohozi. Kidogo, kilichozuiwa, kama cha mtu anayekibana kanisani.

Sikumbuki nilivukaje. Ng'ambo ardhi ilipanda kidogo, ikawa kavu, misonobari mikubwa ya zamani isiyoguswa na shoka, na chini yake kuvumwani, zulia laini la kijani, kila upande. Na katika kile kijani kulikuwa na manjano. Sijawahi kuona kitu kama kile. Uyoga ulikuwa umejaa kati ya mizizi, ukateremka bondeni, ukapanda ng'ambo ya pili, mwingine mkubwa kama kiganja, mwingine mdogo kama kifungo cha shati. Nilikuwa naukanyaga na sikujali.

Baba alikuwa amelala kati ya miamba miwili, mguu mmoja umenasa katika ufa, umepinda pale ambapo mguu haupindi. Ndoo yake imeanguka kando. Midomo ilikuwa ya kijivu. Jalidi ilikuwa kwenye nyusi zake.

"Baba. Baba, ni mimi."

Macho yalifunguka, yakanitafuta, yakanipata.

"Uko na nani?" aliuliza.

"Niko peke yangu. Usiongee. Nakutoa hapa."

"Peke yako kabisa?"

Nilivua koti nikamfunika, nikamkumbatia, nikasugua mikono yake. Ilikuwa kama mikono ya mtu aliyekwisha kuondoka. Nilitoa simu. Bondeni mle hapakuwa na mtandao hata alama moja.

"Tumekuita asubuhi nzima," nilimwambia. "Tulikuwa pale kwenye vishina, si mbali. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia vizuri." Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalitoka nusunusu. "Nilimsikia Holger. Sauti yake naijua. Nikasema ngoja wapite kwanza. Halafu nitatambaa mpaka barabarani, niite nikiwa huko."

Nilimtazama mtu huyu aliyenifundisha kusoma, kuendesha gari, kusema ukweli.

"Usiku kucha umelala hapa, mguu umevunjika, unasikia watu wanakuita, ukanyamaza."

"Ungefanyaje wewe?" aliniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Nilijaribu kumwinua. Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani, na mguu haukutoka. Nikajaribu kulisukuma jiwe. Nikajaribu tena. Baba alinishika mkono, vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika.

"Nivute polepole," alisema. "Mpaka kwenye barabara ya magogo, kule nyuma. Halafu uwaite waje huko. Usiwaite hapa, Pernilla. Nakuomba. Nilikuwa nikuonyeshe mwaka huu. Ni pako wewe."

Na hapo akaacha kutetemeka.

Mtoto yeyote wa kwetu anajua maana yake. Wakati unatetemeka mwili bado unapigana. Ukiacha, umekubali. Uso wake ulilegea, ukawa mtulivu, akatabasamu kidogo akiutazama uyoga wake, na hofu iliyonishika sasa ilifanya ile ya usiku ionekane mchezo. Nikasimama juu ya mwamba. Baba aliona ninachotaka kufanya, akatikisa kichwa, machozi yakamtoka pembeni mwa macho.

Nikapiga kelele. Niliita Ylva, niliita Holger, niliita wote, nikaita hadi koo likatoa ladha ya damu. "Huku! Kaskazini! Kwenye kinamasi!" Kisha nikalala juu ya baba ili nimpe joto nililokuwa nalo, nikamwambia maneno mengi ambayo kwetu hatuambiani.

Kabla sijarudi kuita mara ya pili, matawi yalisogea upande wa mashariki, ambako sikutokea mimi. Holger alikuja kati ya miti akihema. Hakuwa anatazama huku na huku kama mtu aliye mahali pageni. Alilipita gogo lililoanguka pale linapopitika, akazunguka mwamba mkubwa bila kuutazama, akapiga magoti kwa baba, akatoa kisu chake akakata buti, kisha akaingiza kigingi kwenye ufa na kukilalia. Mguu ukatoka. Akavua koti lake, sweta lake, akabaki na shati, akamfunika baba. Kisha akapuliza filimbi aliyopewa na Ylva kwa kuwa alikuwa wa mwisho kwenye mstari.

Mimi nilikuwa nimelowa hadi kiunoni, matope meusi mpaka kifuani. Baba alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya Holger. Nami nikatazama. Mabuti yalikuwa makavu. Yalikuwa na vumbi kidogo tu la majani.

"Kumbe ni wewe," alisema baba.

Holger alikuwa anamsugua kifua.

"Nilidhani ni paa wanaoula uyoga," alisema baba. "Miaka yote hii."

"Nilikuwa nakuachia ule mkubwa mkubwa," alisema Holger.

"Lini ulianza?"

"Alipokufa Majken. Nilikufuata siku moja. Sikuwa na la kufanya jioni." Alikuwa analia bila sauti, na mikono haikuacha kusugua. "Usilale, Evert. Nitukane. Usilale tu."

Baba hakumtukana. Alifumba macho, tukayafumbua kwa kumpiga makofi mashavuni, mimi upande huu na Holger upande ule, mpaka vizibao vya manjano vilipoanza kutokea kati ya miti. Holger aliwapigia kelele wapite mashariki, kuna njia kavu, wafuate fito alizozilaza chini. Walikuja na machela, na blanketi za kung'aa, na mabuti yao. Kila walipokanyaga, baba alijikunja kidogo.

Ukungu ulikuwa umeondoka. Helikopta ilishuka kwenye eneo la vishina, na daktari mmoja kijana aliinama juu ya baba, akamchoma sindano, akamfunga mirija. Kabla hawajafunga mlango alinishika bega.

"Anaweza kupona," alisema. "Siahidi. Lakini mmempata kwa bahati tu. Mchana asingeuona."

Mama, aliyeletwa na polisi, aliondoka naye kwenye helikopta. Mimi nilibaki barabarani na nguo za mtu mwingine, nikisubiri gari la kunipeleka hospitali. Watu walinikumbatia mmoja mmoja, kwa aibu, wakaenda zao. Holger ndiye aliyebaki, amekaa kwenye kishina na shati lake lile lile, chupa ya kahawa kati ya miguu.

Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Ulijua tangu jana," nilisema.

"Nilidhani mtampata wenyewe."

"Ulimwambia Ylva mtu haendi huko. Nilikuwa nimesimama karibu nawe."

"Ningesema ningeonekana mwizi," alisema. "Kijijini hapa. Umri huu."

"Na kama nisingetoka kwenye mstari?"

Alifikiri. Hakuwa anatafuta uongo, hilo ndilo lililonitia baridi kuliko maji ya kinamasi. Alifikiri kama mtu aliyeulizwa ratiba ya basi na anataka kukujibu sawasawa.

"Ningesema," aliniambia. "Jioni ningesema."

Kisha akamimina kahawa iliyobaki kwenye kifuniko, akaninyooshea.